Barua ya wazi kwa wenye dhamana: lipieni kazi ya mwaka mzima, si maandamano ya siku 16

Kwa mawaziri wa jinsia, fedha, afya na mambo ya ndani. Kwa makamanda wa polisi, madiwani na viongozi wa mitaa. Na kwa wakuu wa mashirika yanayofadhili miradi ya kupinga ukatili wa kijinsia.

Waheshimiwa,

Novemba ikikaribia, ofisi zenu huchangamka kwa ajili ya siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Fulana zinachapishwa, mabango yanaandikwa, mgeni rasmi anatafutwa, na sisi tunaohamasisha mitaani tunaanza kupigiwa simu: leteni kina mama, leteni vijana, leteni kikundi cha sanaa, saa tatu kamili wote wawe uwanjani. Tunawaleta. Watu wanaandamana, hotuba inasomwa, picha zinapigwa, orodha ya mahudhurio inasainiwa. Ikishapita Desemba 10, simu zinanyamaza mpaka Novemba nyingine.

Nawaandikia kuhusu muda huo wa katikati, kwa sababu ndio muda ambao watu wanapigwa, wanabakwa na kuuawa, na ndio muda ambao kazi ya kuzuia hayo inapaswa kufanyika.

Sina ugomvi na siku 16. Wanawake waliokutana mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walizianzisha kwa makusudi kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, ili ieleweke kwamba kumpiga mwanamke ni kuvunja haki za binadamu, si ugomvi wa chumbani. Na hiyo Novemba 25 ina damu ndani yake. Ni tarehe waliyouawa Patria, Minerva na María Teresa Mirabal, ndugu watatu wa Jamhuri ya Dominika, mwaka 1960, kwa kuupinga utawala wa dikteta Trujillo. Wanaharakati wanawake wa Amerika ya Kilatini waliamua kuiadhimisha tangu 1981. Umoja wa Mataifa uliitambua rasmi mwaka 1999. Wananchi walitangulia, serikali zikafuata baada ya miaka 18. Siku hizi mambo yamepinduka: ofisi ndizo zinazoandaa, wananchi wanaitwa kujaza viti.

Takwimu kubwa mnazijua, maana ndizo zinazosomwa jukwaani. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa 2021 yanasema karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenza wake, au kufanyiwa ukatili wa kingono na mtu mwingine. Lakini ipo takwimu nyingine ambayo sijawahi kuisikia kwenye hotuba, na kwangu mimi ndiyo inayosema tufanye nini kesho asubuhi. Umoja wa Mataifa unaeleza kwamba, katika nchi nyingi zenye taarifa, wanawake waliofanyiwa ukatili wanaotafuta msaada wa aina yoyote hawafiki asilimia 40. Hao wachache wanaotafuta, wengi huenda kwa ndugu na marafiki. Wanaokwenda polisi hawafiki hata asilimia 10 yao.

Kwa hiyo dawati la kwanza la jinsia haliko kituoni. Ni mama mzazi, ni rafiki yake, ni wifi, ni jirani wa ukuta wa pili, ni kiongozi wa dini. Jibu la kwanza atakalopewa huyo mwanamke ndilo litakaloamua kama atasema tena au atafunga mdomo moja kwa moja. Akiambiwa "vumilia, ndiyo ndoa", au "kwani ulimfanya nini?", safari imeishia hapo, na hata mkiwa na askari waliofundishwa vizuri na daktari anayekesha, hatawafikia. Akiambiwa "nimekusikia, si kosa lako, unataka tufanye nini?", mlango umefunguka. Wifi hafundishwi kutoa jibu hilo na bango la barabarani. Anafundishwa na mtu anayemfahamu, anayerudi wiki hii, na wiki ijayo, na mwezi ujao.

Niwaeleze kazi yenyewe inavyokuwa, kwa kuwa wengi wenu mnaiona siku ya sherehe tu.

Kikao cha wanaume, watu kumi na kitu, kimefanyika jioni baada ya kazi. Naweka picha kubwa katikati. Mwanamume ameinua mkono, mwanamke ameegemea ukuta, mtoto amesimama mlangoni, jirani anachungulia dirishani. Nauliza swali moja tu: mnamwona nani? Kikao cha kwanza mazungumzo yote ni juu ya mwanamke. Atakuwa amejibu vibaya. Atakuwa amechelewa kurudi. Mmoja anasema yule mwanamume ana haki ya kuheshimiwa nyumbani kwake, wengine wanaitikia. Sibishani naye, nikibishana siku hiyo, wiki ijayo hawarudi. Nawauliza huyo jirani anafikiri nini, tunaachana.

Picha ileile inarudi tena na tena. Baada ya vikao kadhaa, mzee mmoja ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema: "Huyo mtoto amesimama pale nilipokuwa nasimama mimi." Hakuna aliyecheka. Kijana wa pembeni akasema kwao ilikuwa hivyohivyo, na yeye alikuwa akijifanya amelala. Kuanzia siku ile kikao kikawa kitu kingine. Wakaanza kuulizana wao kwa wao: usiku tukisikia kelele kwa fulani, tunafanya nini? Wakakubaliana watu wawili waende kugonga, waombe kitu chochote, simu ya kupiga mara moja, tochi, ilimradi mkono ulioinuliwa ushuke. Waliokuwa wakisema "ya mume na mke yaachwe ndani" sasa wanapangiana zamu.

(India mbinu hiyo ilifanywa kampeni ya nchi nzima na shirika la Breakthrough tangu 2008, ikaitwa Bell Bajao, yaani piga kengele. Jirani anabonyeza kengele ya mlango, anaomba kitu kidogo, anaonyesha tu kwamba kuna mtu anasikia.)

Hayo mnayaweka wapi kwenye fomu zenu za taarifa? Fomu inaniuliza waliofikiwa ni wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Uwanja uliojaa kwa saa mbili unanipa maelfu. Kikao kile kinanipa kumi na kitu, walewale, robo mwaka hadi robo mwaka, na mradi unaonekana umedumaa. Mkiendelea kulipia idadi ya vichwa, mtaendelea kupata vichwa.

Wala si maneno ya mtaani tu. Kampala, kati ya 2007 na 2012, shirika la Raising Voices na wenzao wa CEDOVIP waliendesha mpango wa SASA! wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, ukapimwa na watafiti kwa kulinganisha jamii nane: nne zilizoanza mapema na nne zilizosubiri. Hawakutegemea wasemaji wa kualikwa. Walifundisha wahamasishaji zaidi ya 400 wanaoishi humohumo, wake kwa waume, wakazungumza na majirani zao kwa karibu miaka mitatu: vibarazani, sokoni, kwenye vikundi. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha ukatili wa kimwili wa wenza katika mwaka mmoja uliopita ukiwa chini kwa asilimia 52 pale mpango ulipopita kuliko pale ulipokuwa bado. Kwa kuwa jamii zilikuwa nane tu, tarakimu hiyo ina nafasi kubwa ya kupanda au kushuka. Kilichokuwa wazi zaidi ni mawazo: wanawake wanaokubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke walipungua sana. Na uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kwamba mabadiliko hayakubaki kwa waliohudhuria shughuli peke yao. Yalisambaa hadi kwa ambao hawakushiriki moja kwa moja. Jambo hilo linanigusa kuliko asilimia yoyote. Mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga kikao chetu ananufaika, kwa sababu jirani yake amebadilika.

Afrika Kusini, mkoani Limpopo, mpango wa IMAGE uliunganisha mikopo midogo kwa wanawake na mafunzo kuhusu jinsia na VVU. Utafiti uliotoka 2006 ulionyesha kwamba hatari ya mwanamke kufanyiwa ukatili na mwenza wake ilipungua kwa asilimia 55 ndani ya miaka miwili. Anayeweza kulipa kodi ya chumba chake ana neno la kusema anapotishiwa kufukuzwa usiku.

Lakini pia kuna Rwanda, na sitaki kuificha kwa sababu hainipendezi. Mpango wa Indashyikirwa uliwapitisha wenza kwenye mafunzo ya vikao 21, na kwa hao waliopita ukatili ulipungua kwa kiasi kikubwa. Sehemu ya pili ya mpango, ile ya uhamasishaji wa jamii nzima, ilipopimwa haikuonyesha tofauti. Ndiyo maana nasisitiza: uhamasishaji si kitu kinachofanya kazi kwa sababu tu kimeitwa uhamasishaji. Kinataka muda wa kutosha, watu waliopikwa wakaiva, na msimamizi anayerudi kuona wanazungumza nini. Kukichukua kilichofaulu mahali, ukakikata miezi, ukakata mafunzo, ukabakiza jina na nembo, ni kupoteza fedha na kuwakatisha watu tamaa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi.

Kampeni zenu zinamwambia mwanamke: vunja ukimya. Neno zuri. Akiuvunja, nini kinafuata? Nimewasindikiza wanawake hadi kaunta ya polisi ambako askari, bila nia mbaya, anauliza kwa sauti ya kawaida mbele ya foleni nzima: "Umebakwa lini? Na nani?" Nimemwona mama akigeuka na kusema amesahau kitu nyumbani. Hakurudi. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika kingemzuia asiondoke.

Hospitali nako, hesabu ni rahisi mno. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho ni saa 120. Binti akifanyiwa ukatili Ijumaa saa kumi na mbili jioni, akakuta kabati la dawa limefungwa na mwenye ufunguo anarudi Jumatatu saa mbili asubuhi, saa 62 zimekwisha. Bado hajajaza fomu, bado hajapimwa. Sijui ni hotuba gani ya Novemba inayoweza kumfidia huyo binti. Ufunguo wa pili wa kabati ungemfaa zaidi.

Na anayeambiwa "ondoka" aende wapi? Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba wakati wa kuondoka, na siku chache baada ya kuondoka, ndio wakati wa hatari kubwa kwa maisha yake. Mtu aliyezoea kumtawala mwenzake hakubali kirahisi. Kumhimiza mwanamke aondoke bila nyumba salama, bila mpango wa watoto, bila nauli, bila askari atakayepokea simu, ni kumsukuma kwenye hatari huku tukipiga makofi. Sisi wahamasishaji tumejifunza kutulia na kumuuliza yeye anaonaje, maana yeye ndiye anayejua ni usiku gani wa kuogopa. Lakini tukifika kwenye swali la nyumba salama, mara nyingi hatuna jibu, na jibu hilo liko kwenye bajeti zenu.

Viongozi wa mitaa na makamanda, nanyi nina neno lenu. Kuna utaratibu ambao hauko kwenye sheria lakini unaendesha kesi nyingi: kuyamaliza kifamilia. Wazee wanakaa, kiasi cha fedha kinatajwa, mtuhumiwa anaomba radhi, binti anaambiwa asamehe, faili linapotea. Na wakati mwingine ni kituo chenyewe kinachowarudisha: nendeni mkapatane. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa CEDAW, ule wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, katika pendekezo lake la jumla namba 35 la mwaka 2017, ilisema bayana kwamba kesi za ukatili dhidi ya wanawake zisilazimishwe kwenda kwenye usuluhishi. Naelewa kwa nini familia zinachagua njia hiyo. Mahakama iko mbali, inachukua miaka, na anayeshtakiwa ndiye analisha nyumba. Basi sogezeni mahakama, fupisheni muda, msiwaachie wazee kazi ambayo ni yenu. Na panapohusika mtoto, asiwepo mtu wa kukaa kikao cha bei.

Nitasema na hili, hata kama litawaudhi baadhi yenu. Mitaa inajua. Inamjua kiongozi anayempiga mkewe, inamjua mwalimu aliyehamishwa badala ya kushtakiwa. Mtu wa namna hiyo akipewa kiti cha mbele kwenye maadhimisho, au akakabidhiwa kipaza sauti afungue kampeni, kazi yetu ya miezi inafutika asubuhi moja. Nimewahi kusimama chini ya jukwaa la aina hiyo nikiwa na kundi la wasichana niliowaleta mwenyewe. Walikuwa wakinitazama mimi, si yeye. Chunguzeni wageni rasmi wenu kabla ya kuwaalika. Kama hayupo anayefaa, mpeni kipaza sauti manusura anayetaka kusema, au acheni jukwaa bila mgeni rasmi.

Wahamasishaji wenyewe ni watu gani? Wengi ni wanawake, wengi hawana ajira rasmi, na wengi wamepitia hayohayo wanayoyapinga. Wanagongewa mlango usiku na watu wanaokimbia. Wanatukanwa kwamba wanavunja ndoa za watu. Wengine wanatishwa na watuhumiwa waliopewa dhamana jioni ileile. Tunawaita wa kujitolea, na jina hilo limekuwa kisingizio cha kutowapa hata nauli ya kumsindikiza manusura hospitali, wakati semina ya siku mbili ya kuwazungumzia ina posho kwa kila aliyeketi. Hawaombi utajiri. Wanaomba nauli, muda wa maongezi, mtu wa kuzungumza naye wanapoelemewa na waliyoyasikia, na askari anayejua majina yao ili wakitishwa kuwe na anayekuja.

Wanaume nao wanastahili zaidi ya kuitwa siku moja kula kiapo. Wapo wavulana na wanaume waliofanyiwa ukatili ambao hawajawahi kumwambia mtu, kwa kuogopa kuchekwa. Kikao kilekile cha picha ndicho kilichowafungua wachache ninaowajua.

Mkisema hakuna fedha, nitawakumbusha mlichokwisha kukubali. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1993 la kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake, katika ibara ya 4, linazitaka serikali ziweke kwenye bajeti zao fedha za kutosha kwa kazi hii. Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake, kwa nchi za Afrika zilizoiridhia, inasema hivyohivyo kwenye ibara yake ya 4, na inataja kuzuia, si kuhudumia majeruhi peke yake. Hamkuombwa hisani. Mlikubali wenyewe.

Tunachotaka kionekane kwenye vitabu vya bajeti ni fungu la kuzuia ukatili linalojitegemea, lisilochanganywa na maadhimisho, la miaka mitatu kwa uchache, kwa sababu muda mfupi zaidi ya huo hautoshi watu kubadili wanachoamini. Liwe na posho ndogo ya kudumu kwa wahamasishaji. Kila kituo cha polisi kiwe na chumba cha faragha, na kila hospitali na kituo cha afya kiwe na dawa za saa 72 zinazopatikana usiku, Jumapili na sikukuu. Nyumba salama ziwe ambapo mwanamke na watoto wanaweza kufika usiku uleule. Kwa wafadhili, ombi letu ni fupi: badilisheni fomu. Tuulizeni majirani wangapi waligonga mlango, manusura wangapi walipata dawa ndani ya muda, kesi ngapi zilifika hukumu bila kumalizwa nyumbani, na mtuulize swali hilo tena mwaka unaofuata kwa mitaa ileile.

Rasimu za bajeti huandikwa miezi mingi kabla ya kusomwa. Tuiteni wakati huo, tarakimu zikiwa bado zinaweza kubadilishwa, si Novemba tukiwa tumevaa fulana. Tutakuja na daftari zetu. Tumeandika siku ambazo dawa hazikuwepo, vituo ambavyo havina chumba, na muda ambao kila kesi tuliyoisindikiza imekaa bila kusikilizwa. Tunaomba jibu la maandishi kutoka kila ofisi iliyotajwa juu ya barua hii, likieleza nani atasimamia na lini ataanza.

Wenu,
Mhamasishaji jamii, kwa niaba ya wenzake